Sura ya Saba: Vipande vya Gari la Clément

Gari lenyewe lilikuwa bado halijawa gari. Ilikuwa bodi tupu ya Land Cruiser iliyopandishwa juu ya matofali, uani kwa fundi Alexis, katika komini iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi: mlango mmoja wa kijani, mwingine mweupe, wa nyuma haupo kabisa. Inspekta Deborah Mutale alikuwa amelala chali chini yake, juu ya katoni, anamulika giaboksi kwa simu. Oili ilimdondokea begani akaiacha. Tangu arudi kazini kutoka kilio cha mama yake mzazi, moyo ulikuwa umemfa ganzi. Watu walimwambia machozi yatakuja tu. Alikuwa bado anayangoja, kama watu wanavyongoja umeme urudi.

"Chef, toka huko chini," alisema Clovis, mpelelezi mwenzake, mtu wa tumbo na wa haraka. "Boîte unamulika iko ya Clément. Kiti iko ya Clément. Clément mwenyewe haonekane. Unatafuta nini tena? Commandant anataka huyu aende ku parquet leo, mbele ya jua kuingia."

Huyu alikuwa Alexis, aliyesimama kando ya ukuta, pingu mikononi, miguu mitupu. Akishafikishwa kwa mwendesha mashtaka na kesi ya kuua mtu, angelala gerezani, na kesi nayo ingelala. Deborah aliwajua waliomngoja hakimu mpaka wakaota mvi.

"Minatafuta boulons," alijibu.

"Boulons?"

"Shuka uone."

Clovis hakushuka, tumbo halikumruhusu. Basi Deborah akamweleza kutoka palepale chini. Giaboksi ilikuwa imefungwa kwenye injini kwa bolti za kila aina: moja ndefu kupita kiasi, moja imekula kutu, nyingine ya pikipiki, na mahali pamoja hapakuwa na bolti ila waya uliosokotwa. Akatoka, akajifuta mikono kwa gazeti, akamwendea Alexis.

"Boulons za hii boîte ziko wapi?"

"Mama chef, haikukuya na boulons. Nilienda kutafuta zingine ku soko, mu zile banamwangaka chini. Unachagua, unajaribu, haiingie, unarudi tena."

"Uliinunua ku nani?"

"Ku Franck, ule commissionnaire, dalali wa Kamalondo. Minasema vile tangu siku ya kwanza. Na kiti, njo ku ule ule Franck."

"Alikuonyesha carte rose, karatasi ya motokari?"

Alexis alicheka kidogo, kisha akakumbuka pingu. "Carte rose ya nini, mama? Nilinunua mifupa, sikununua motokari. Bodi nilitoa Likasi, moteur ilitoka Zambia. Kila muntu huku ananunuaka vile. Ukiuliza karatasi, muuzaji anakasirika, anaenda ku mungine."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Babu yake Alexis aliendesha treni, baba yake alitengeneza mabehewa, na yeye mwenyewe alikuwa amejiapiza kuwa na gari lake kabla ya kuoa. Hakuwa na uwezo wa kununua gari zima. Alilinunua kama watu wanavyonunua matofali ya nyumba, leo haya kesho yale, na hakuna aliyewahi kuuliza tofali lilitoka kwa nani.

Deborah alimvuta Clovis pembeni. "Muntu mwenye alifungua hii boîte ku motokari ya Clément, boulons ziko naye. Alexis tumepekua nyumba yake mpaka chini ya kitanda ya mama yake. Tuliona nini?"

"Atakuwa alizitupa."

"Muntu anaishi kwa boulons, atupe boulons nzima halafu anunue za kutu? Na kiti? Ungeua muntu sababu ya motokari yake, ungeacha kiti na kitambaa yake, uikalie hapa inje kila asubui unakunywa chai, majirani bote banaona?"

Clovis alijikuna shingo. Kiti hicho ndicho kilichomtia Alexis ndani.

Clément alikuwa mwana wa Mama Ngalula, mjane wa Kamalondo mwenye asili ya Kasai na watoto wawili tu, yeye na Gracia aliyeolewa Kambove. Land Cruiser yake ilibeba wachimbaji na mizigo kati ya Kambove na mjini. Siku moja iliondoka na haikurudi, si gari, si Clément. Mama yake alikuja kushtaki, na polisi wakamwuliza namba ya gari. Namba gani? Clément mwenyewe alilinunua bila carte rose kwa mtu aliyelinunua bila carte rose, na namba ya chasisi ilikwisha suguliwa zamani. Mbele ya serikali gari lile halikuwapo duniani. Alama pekee aliyokuwa nayo mama ilikuwa kitambaa cha kiti cha dereva, alichokishona mwenyewe kwa kitenge cha buluu cha sikukuu ya akina mama Wakatoliki, kwa cherehani yake inayoruka mshono kila baada ya shubiri. Kiti kilipoonekana kwa Alexis, yule mama aliletwa akitambue. Alipitisha kidole kwenye mshono, akakaa chini vumbini, akalia mpaka mtaa mzima ukajaa uani. Alexis akafungwa pingu siku ileile.

Kuanzia hapo Mama Ngalula alikuwa anakuja ofisini kila asubuhi, anakaa kwenye benchi, anauliza kama mtoto ameonekana. Halafu ghafla akaacha kuja. Alituma tu neno kwamba kesi anamwachia Mungu.

"Ulimuona lini mara ya mwisho?" Deborah aliuliza wakiwa wanapanda jeep.

"Mama Ngalula? Nilienda kwake, nikamuonyesha Franck mu foto ya simu yangu. Nikauliza kama anamujua. Alisema hapana."

"Na kisha?"

"Kisha hakuna. Jirani wake anasema alisafiri, alirudi. Chef, muntu mzee anachoka kulia."

Deborah aliwasha injini. Yeye mwenyewe hata kulia alikuwa hajaanza.

Franck hakuwa na duka. Alikuwa na kiti cha plastiki kandokando ya fundi cherehani, Kamalondo, simu mbili, na shati lililopigwa pasi. Pale ndipo watu walipomfuata waliotaka bampa, waliotaka injini, waliotaka gari zima lisilo na jina. Alipowaona polisi hakushtuka. Alisimama, akampisha Deborah kile kiti, akaagiza maji baridi.

"Ikala, mama inspekta. Jua iko kali."

"Kiti na boîte ulimuuzia Alexis, ulitoa wapi?"

"Ku creuseur moja wa Kambove. Alikuya na camion ya mizigo, pièces ndani. Nilichukua, niliuza. Miye niko commissionnaire, mama. Kintu inapita tu mu mukono yangu."

"Jina yake?"

"Banamwitaka Vieux Kaputa."

"Eko wapi?"

Franck alishusha macho, sauti ikawa ya huruma. "Banasema alikufa. Kishimo ilimuangukia."

"Alikufa wakati muzuri," alisema Deborah.

Fundi cherehani aliinamia kazi yake, akajitia hamnazo. Clovis lakini alikwisha changamka. Mchimbaji aliyekufa, lori la mizigo, Kambove! Aliona safari mbele yake na chakula cha njiani. "Chef, twende Kambove," alinong'ona. "Huyu Kaputa njo muuaji."

"Huyu Kaputa haongee. Tuanze na benye kuongea." Akamgeukia Franck. "Clément unamujua?"

"Simujue."

"Mama yake? Mama Ngalula. Anaishi hapa, avenue ya nyuma."

"Mama, Kamalondo iko na bamama bengi."

"Uko na bibi?"

"Niko naye. Eko Kambove, iko na mimba." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lilikuwa la kweli.

"Bon. Tunaenda ku bureau. Tunakukutanisha na Alexis, kila muntu aseme yake mbele ya mwenzake."

Alikubali bila ubishi. Jambo moja tu. Jeep waliiacha karibu na kanisa, na njia ya mkato ilikuwa avenue ya nyuma. Clovis akatangulia huko. Franck akasimama.

"Tupite huku," alisema, akionyesha barabara ya baa na vinyozi, mwendo mrefu mara mbili.

"Juu ya nini? Kule iko karibu."

"Huku njo muzuri."

Clovis alinung'unika, jua linawaka utosini, lakini Deborah alimfuata Franck. Aliweka moyoni kwamba mtu huyu ametembea mbali kwa ajili ya kutopita mlango fulani, na mlango wenyewe hakuujua bado.

Ofisini kulikuwa na meza moja, viti viwili, benchi, na mlango wa nyuma uliokwenda uani penye choo. Lango la mbele lilikuwa wazi kila siku kwa sababu kufuli lilivunjika. Franck aliketi kwenye kiti, miguu pamoja, mtulivu kama mwanafunzi. Alexis alikuwa amerudishwa mahabusu, nyuma ya nondo, anasikia kila kitu.

Deborah alikuwa amebadilisha mpango njiani. Alimtuma Clovis amlete Mama Ngalula kwanza, atake asitake. Franck hakumwambia.

Mama akaja. Kwanza zilisikika ndara zake kwenye saruji, halafu sauti yake akimlaumu Clovis kwa kumharakisha. Franck alikuwa katikati ya sentensi, anaeleza habari za lori la Kaputa. Akainuka mbio mpaka kiti kikaanguka, akageuza bega, akafunika upande wa uso kwa mkono, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Anakimbia!" Polisi wa zamu alimrukia. "Kamata huyu!"

"Muache," alisema Deborah.

Maana Franck hakuwa anakimbia. Anayekimbia angechukua lango la mbele. Alikuwa amesimama uani, juani, karibu na choo, uso ameuelekeza ukutani, mikono mbele. Na mlangoni kwa mbele, Mama Ngalula naye alikuwa amesimama palepale aliposikia sauti ya Franck. Hakuvuka kizingiti. Alikwisha vuta kitenge mpaka usoni na kugeukia barabara, kama mwanamke aliyefumaniwa anaoga.

Watu wawili wasiojuana! Clovis alitazama huku, akatazama kule, asielewe. Yeye alikuwa mtu wa kusini, kwao mambo hayo yalikwisha legea. Lakini mume wa Deborah alikuwa Muluba wa Kasai, na Deborah alikuwa amekaa miaka mingi akimwona mume wake anaruka dirisha la jikoni pindi mama mkwe anapobisha hodi. Mwanaume wa kwao haonani uso kwa uso na aliyemzalia mke. Hakai alipokaa mama mkwe, hapokei kitu mkononi mwake, njia aipitayo haipiti. Hayo hayahitaji kufikiri, mwili wenyewe unayajua.

Hata hivyo alitaka hakika. Alimpisha Mama Ngalula ndani kwa mbele, akamkalisha kwenye kiti kilekile alichokiangusha Franck, akamwacha apumue. Kisha akampeleka kwenye chumba cha Commandant, akafunga mlango, akatoka uani.

"Franck, ingia ndani. Mama hayuko tena. Ikala ku ile kiti, tumalize."

Franck alichungulia. Akaona kiti, akaona kitenge kidogo cha kufungia kichwa, ambacho mama alikisahau juu yake.

"Nitasimama, mama inspekta."

"Ikala. Minakuamuru."

"Nitasimama."

"Usipoikala, nakufunga pingu sasa hivi, uende mahabusu pamoja na Alexis."

Franck alinyosha mikono yote miwili mbele. "Funga," alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya shati lake la pasi. "Funga tu, mama. Pale siwezi kuikala."

Clovis alimfunga. Hapo na yeye alikuwa amekwisha elewa, na kinywa kilikuwa wazi.

Chumba cha Commandant kilikuwa kidogo. Mama Ngalula alikaa wima, mikono mapajani. Macho yalikuwa makavu. Deborah alivuta benchi akakaa karibu naye, si ng'ambo ya meza.

"Mama, ule eko nani?"

"Simujue."

"Mama. Bwana yangu eko Muluba sawa weye. Siku tulizika mama yangu, alisimama nyuma ya bantu bote, uso ku ukuta. Ata sanduku hakuiona. Mukwe mbele ya mama mukwe, minajua anafanyaka namna gani." Alisubiri. "Ule eko bwana ya Gracia, mutoto wako wa Kambove."

Mama Ngalula alifungua fundo la kitenge chake, akalifunga tena palepale.

"Ule mwenzako alikuya na simu," alisema. "Aliniuliza, mama, unajua huyu? Njo huyu aliuza kiti. Nilisema hapana. Asubui nilipanda bus ya Kambove. Gracia alinifungulia mulango. Sikuuliza kintu, mwana yangu. Alianza kulia sijaikala."

"Alisema nini?"

"Ule na Clément balibishana ku kishimo ya zamani, kule batu bameacha kuchimba. Ule alitaka motokari ibebe bintu ya kuiba. Clément alikatala. Ule alimusukuma ndani. Anasema hakutaka, mukono ilienda yenyewe. Aliita, aliita, Clément hakuitika. Kisha akafungua motokari, akauza moja moja, sababu haikuwa na karatasi, nani angeuliza?"

"Clément eko mule mpaka sasa?"

"Eko mule."

Aliyasema yote kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Nje gari la maji lilipita likipiga honi. Deborah aliona kalamu iko mkononi mwake na hakukumbuka kuichukua.

"Na ulinyamaza, mama. Mutoto wako eko mu kishimo, na ukanyamaza."

"Nilizaa babili. Mumoja eko chini. Mungine iko na mimba, na baba ya mimba njo ule umefunga. Nikisema, Clément atarudia?" Alimtazama Deborah kwa mara ya kwanza. "Sema. Atarudia?"

"Hapana."

"Basi."

"Na Alexis? Ulijua hakufanya kintu. Leo tulikuwa tunamupeleka. Angekufia gereza."

"Alexis iko na mama yake," alisema Mama Ngalula. "Mama yake njo atamulilia."

Deborah alingoja hasira ije. Alistahili kukasirika, na alitaka sana kukasirika, hata kupiga meza. Hakuna kilichokuja. Alichokiona ni kwamba yule mama anakaa namna ileile anayokaa yeye nyumbani siku hizi, mikono mapajani, hajui aiweke wapi, na jambo hilo lilimtisha. Alisimama, akafungua mlango.

"Clovis, kuya uandike. Mama atasema tena, polepole, na atatuonyesha kishimo. Franck mutoe kwa mulango ya nyuma."

"Hata na pingu, chef?"

"Mutoe tu kwa nyuma."

Maelezo yalichukua muda, maana Clovis aliandika kwa Kifaransa huku mama akizungumza Kiswahili na mara nyingine Kiluba. Alipomaliza, mama aliweka kidole gumba kwenye wino bila kuambiwa mara mbili. Commandant alipiga simu kwa mwendesha mashtaka, akabadili jina la mshtakiwa kwa sauti ileile aliyokuwa nayo asubuhi. Kisha polisi wa zamu akafungua nondo.

Alexis alitoka polepole, viatu alivyorudishiwa mkononi, macho yanapepesa. Alikuwa amesikia vurugu za kiti na za uani. Yaliyosemwa chumbani hakuyasikia, na hakuna aliyekumbuka kumweleza. Aliambiwa tu aende nyumbani. Lakini ili afike langoni ilibidi apite mbele ya benchi, na kwenye benchi alikuwa amekaa Mama Ngalula, anangoja jeep ya kumpeleka Kambove.

Alisita. Akaweka viatu chini. Akachuchumaa mbele ya yule mzee kama alivyolelewa, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa.

"Mama, pole," alisema. "Pole sana juu ya mutoto. Sijue batakuambia nini juu yangu, lakini aki ya Mungu, mama, miye sikumuua mutoto wako."

Mama Ngalula alimtazama miguu, akamtazama mikono yenye alama za pingu, kisha usoni.

"Minajua," alisema.